Motere ya Muzee Habarurema

Majengo, Goma, Februari 2009

Kwako yaya Nsanzimana, kaka yangu mukubwa, Bukavu,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi mudogo wako niko na afya. Mama magoti yanamusumbua, lakini anakula vizuri. Natumaini Vanessa na watoto hawajambo.

Ujumbe wako umenifikia. Umewaambia wajomba kwamba motere ya kusaga iliibiwa kwa uzembe wangu, na kwamba mwanamuke haachiwi mashini. Nilitaka kunyamaza. Sasa siwezi.

Unajua lava ilipomeza nyumba yetu hapa Goma, Muzee baba yetu alianza maisha upya Kibumba kwa motere ile tu. Vita ilipokaribia mwaka jana, watu wakifunga magodoro, yeye alikataa kuondoka kabla ya kuilaza. Tulimwaga mazutu, ile dizeli yote ya tanki. Tukatoa mafuta machafu ya mashini, tukatia mapya, kisha akaniambia nizungushe gurudumu kwa mukono ili mafuta yafike kila pahali. Bomba la moshi tuliliziba kwa kitambaa, panya wasiingie. Akasema, "Motere ikilala na mazutu ya zamani tumboni, itaamuka mugonjwa." Tuliifunga ndani ya bashi ya turubai, tukaishusha kwa kamba katika shimo nyuma ya nyumba, tukafunika kwa mabua ya maharage. Mizinga ilikuwa inalia. Ndipo akakupigia simu kukuambia mahali ilipo. Tulijua sisi watatu tu.

Kipindupindu kilimukuta Muzee katika hema la Kibati, kambi tulimokimbilia. Ulituma neno kwamba njia imefungwa. Tukamuzika bila wewe, na mimi nikailaumu vita, sikukulaumu wewe.

Mapigano yalipotulia nilipanda Kibumba na mama Dancille, jirani yetu. Shimo lilikuwa tupu, bashi imekunjwa pembeni. Niliwalaani waasi, nikawalaani na askari wa serikali.

Juma lililopita nilipeleka mahindi kusaga hapa Majengo. Nikaiona motere yetu inanguruma, na muguu wake uleule ambao Muzee aliuunganisha kwa kipande cha reli. Mwenye kinu, mama Mukamazimpaka, hakuficha kitu. Alisema mutoto mukubwa wa Habarurema ndiye aliyemuuzia, na kwamba yeye mununuzi mwenyewe alikuwa ndani ya kamyo mulipoitoa Kibumba. Anasema wewe ulijuana na watu wa vizuizi, pande zote mbili. Ilikuwa Jumapili ile ya mvua ya mawe. Mulipofika Kibati dereva alitaka kusimama, ukamuambia apite haraka, kwa sababu pale unajulikana.

Yaya, Jumapili ile Muzee alikuwa hai. Alikuwa amelala mlangoni mwa hema, anatazama kila gari inayopita, akisema mwanangu hawezi kukosa kuja. Kamyo yenu niliiona kwa macho yangu. Ilituchafua matope.

Motere siitaki tena. Mama yule aliinunua kwa nia njema. Ninachotaka ni uje umuambie mama yetu kwa kinywa chako, kisha uwaambie wajomba. Ukikawia mpaka Pasaka, nitasema mimi, kanisani, mbele ya watu wote.

Wasalimie watoto, wao hawana kosa. Mama naye anakusalimia sana. Anasema umebaki wewe wa kumufuta machozi, na kila asubuhi anakuombea. Nimeandika kama alivyosema, maana hajajua.

Ni mimi mudogo wako,
Annonciata