Ndoa ya Gundi Haina Talaka

Mdogo wangu Chiriku,

Umeanza ujinga lini? Salamu ninazo, nyingi tu, lakini zitangoja mlangoni mpaka nimalize kukugombeza. Binti yako alikuja kwangu Jumapili, akakaa anazungusha kikombe mpaka chai ikapoa, ndipo akanieleza kwamba mama yake hatoki nje tena. Anasema unashinda chumbani, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, na jirani akibisha hodi unakohoa ili adhani una mafua. Eti humo ndani unawabandikia wajukuu kandambili zilizokatika, kopo la gundi limelala miguuni pako kama paka. Na harusi ya mjukuu wangu umeijibu kwa maneno manne, kwamba huji, una kazi nyingi. Kazi gani, wewe? Ya kuwapangia nzi zamu? Mtu mzima na mvi zako unajificha kama mtoto aliyevunja chungu. Aibu sikuoni nayo. Nakuona na ukaidi.

Haya. Sasa salamu ziingie. Hujambo mdogo wangu? Kifua hakijambo, macho je? Mimi huku ni mzima wa afya, sina neno ila umri. Watoto wazima, bati la jikoni linavuja palepale, na paka amezaa tena kwenye kapu la nguo safi, hana adabu kama waliomlea.

Usicheke mwandiko. Mjukuu wangu, huyu anayeolewa, alitaka nimtajie maneno yeye aandike. Nikamkatalia, maana angeyapaka poda. Mimi nikisema mjinga, yeye angeandika mpendwa. Shule niliiacha mapema, lakini herufi zangu ninazo, na zikilala upande mmoja hiyo ni shauri yangu na kalamu.

Unakikumbuka chumba cha gundi kule kiwanda cha viatu? Siku hizi mimi nakiona waziwazi kuliko jiko langu. Ile meza ndefu ya mbao, kingo zake zimelainika kwa viwiko vyetu. Kopo moja kwa wanawake wawili, mimi kupaka, wewe kubana. Ile miguu ya mbao ya kuundia viatu imepangwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa, nawe ulikuwa ukiisalimia kila asubuhi, mmoja mmoja, na mmoja ukaupa cheo cha shemeji. Napaka soli, napaka ngozi, naviweka kando vipumzike, kisha nagusa kwa mgongo wa kidole. Gundi ikivuta uzi, bado mbichi. Ikikishika kidole na kukiachia bila uzi, imeiva. Kidole kama changu hakikuwepo chumba kizima. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Hata msimamizi wetu Kengele, mtu asiyeamini kivuli chake, alikuwa akiniita meza za mbali nikamgusie. Nami nikisema tayari, wewe unabana soli na ngozi na kutangaza kwa sauti ya mtu aliyetumwa kuposa, kwamba wamekubaliana, wapeni nafasi!

Ndiyo maana kubandika tulikuita kufungisha ndoa, na kiatu kilichorudi kimeachama tulikiita talaka. Ndoa ya gundi haina talaka, ulikuwa ukisema, kisha unaanza ule wimbo wako usio na mwisho:

Soli mpe ngozi, ngozi mpe soli,
vumbi kaa nje, wewe hukualikwa.

Na vumbi kweli lilikaa nje, kwa sababu madirisha yalifungwa. Chembe moja ya mchanga ikitua kwenye gundi mbichi, talaka hiyo. Kengele aliamuru yafungwe, lakini tuseme ukweli, hakuhitaji kuamuru. Wewe ndiye uliyekuwa ukikimbilia lile la upande wa barabara na kulikomea, na siku kidege kilipoingia kikapepesa mabawa juu ya soli zangu, nilikitukana matusi ambayo mama asingependa kuyasikia.

Mchana ukizidi, chumba kilianza kucheka. Brashi ikianguka, tunacheka. Kengele akipiga chafya, tunacheka mpaka yule mama wa visigino anateremka chini ya meza na kulia. Tukitoka pale vichwa vinagonga, lakini tumeshikana mikono, barabara nzima yetu, nawe unaiga mwendo wa Kengele hadi watu wa baiskeli wanataka kugongana. Wakati ule wewe ulikuwa Chiriku kwa sababu mdomo wako haukuwa na mlango, nami Nyundo kwa sababu nikisema neno limepigiliwa. Hakuna aliyetuita kwa majina ya nyumbani. Mimi la nyumbani nilikuwa nalisikia tu nikiugua.

Tulidhani ni ujana, mdogo wangu. Yale mavichwa, kile kicheko, kule kuamka asubuhi vidole vinachezewa na sisimizi. Ukaanza kuangusha vifungo. Nikakuambia una mikono ya kuazima. Ukaniambia unasikia umevaa soksi na huku miguu iko wazi. Nikakuambia basi zifue. Kengele akaleta maziwa, akasema maziwa huosha kifua, nasi tukayanywa na kuomba mengine. Kiwanda kikafungwa, tukazeeka kila mtu kwake, na zile soksi hukuzivua tena. Kila daktari uliyemwendea alipima sukari, hakuikuta, akakuandikia vidonge vya maumivu na kukuambia ni umri. Ulikuwa na umri gani wakati huo? Hata mvi hukuwa nazo.

Sasa tufike kwenye siku ile ya kaka yetu kuhamia nyumba mpya, maana najua ndiyo imekaa kooni mwako. Ulitoka upande wa jiko umebeba sinia la vikombe, ukakatisha ua mzima mbele za watu, na kiatu chako kimoja kikabaki nyuma katikati ya ua. Hukujua. Ulikwenda nacho kimoja tu, mguu mwingine mtupu, mpaka ukayumba na vikombe vikamwagika. Wifi yetu, yule ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa breki, akasema kuna mtu ameanza sherehe kabla ya wengine, na watu wakacheka. Ukaniangalia. Nilikuwa kwenye kiti karibu na ukuta. Ukaniangalia kwa muda mrefu, kisha ukaokota kiatu, ukatoka getini peke yako.

Binti yako ameniambia ulichosema ulipofika nyumbani. Kwamba dada yako amekuwa malkia. Kwamba alikaa kwenye kiti tangu asubuhi watu wanamletea hiki na kile, na damu yake ilipochekwa hakunyanyuka hata kuisindikiza getini. Neno hilo limenichoma, na mimi si mtu wa kuchomeka upesi.

Sikiliza, na usimsomee mtu mwingine hapa. Pale juu nimeandika kwamba mimi ni mzima wa afya. Hayo ni mazoea ya barua. Mimi si mzima. Soksi zako ninazo na mimi, nimezivaa miaka mingi kama wewe, zimepanda mpaka magotini. Siku ile kwa kaka, mjukuu wangu alinifikisha alfajiri na kunikalisha kwenye kiti kile kabla mgeni yeyote hajafika, ili asiwepo wa kuniona nikitembea. Chai waliyoniletea niliimwaga kwenye chungu cha maua pembeni yangu. Sikunywa hata tone siku nzima, nisije nikahitaji kwenda chooni na kupita mbele za watu. Huo ndio umalkia wangu.

Ulipochekwa niliinuka. Nataka ulijue hilo. Nilishika mikono ya kiti nikajisukuma, miguu ikakataa kama punda kwenye daraja. Nikajaribu tena. Wifi akadhani nataka mto wa mgongoni, akaniletea. Ulipofika getini mimi nilikuwa nimekaliwa na mto, na mdomo wangu, mdomo huu unaoogopwa na ukoo mzima, haukupata neno. Watu walipoondoka mjukuu akainama kuninyanyua, akakuta na mimi kiatu kimenivuka, kimelala chini ya kiti. Sikujua kimetoka saa ngapi. Wanawake wawili waliovisha miguu ya watu wasiohesabika, na wote wawili hawajui kama wamevaa.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mkubwa wako, na mkubwa haumwi. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa wanatutazama sisi, kila mmoja chumbani kwake, kila mmoja akidhani ni peke yake.

Kilichonipeleka kwa daktari ni pua. Nilikuwa jikoni, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Harufu hiyo naijua kuliko harufu ya watoto wangu. Nikampigia kelele mjukuu, nikamwuliza ni mpumbavu gani anayechoma kandambili moto. Akaja mbio, akatazama chini, akaanza kulia. Kumbe kandambili ni yangu, imekanyaga kaa la moto, na mguu umo ndani. Sikusikia chochote. Nilikuwa bado nampa maneno.

Nikapelekwa. Daktari ni msichana mdogo, ana sauti ya chini mpaka nikamwambia aongeze. Alifunga kidonda, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna daktari aliyewahi kuniuliza: nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamweleza kwa kirefu, unanijua. Soli, brashi, kidole. Akaweka kalamu chini. Akauliza madirisha yalikuwaje. Nikasema yamefungwa, tena vizuri. Akatoa kinyundo cha mpira, akanigonga goti, nikamwambia Nyundo haipigwi nyundo, naye akacheka lakini goti halikuruka. Akasema si sukari, si umri, na wala si mkono wa mtu. Kile kinachoifanya gundi iwe laini hupanda hewani, na anayekivuta miaka na miaka kinamla mishipa ya fahamu, kinaanzia nchani, vidoleni na nyayoni, kinapanda polepole. Nikamwuliza kama itapona. Hakunidanganya. Alisema iliyokufa imekufa, ila iliyobaki inaweza kulindwa, na mtu anaweza kufundishwa kutembea upya. Ndivyo ninavyoishi sasa. Maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko. Nyayo nazikagua kwa kioo kila jioni kama mchumba. Nikitembea natazama chini, na jirani yangu amejitolea kunisaidia kutafuta sindano anayodhani nimeipoteza.

Kisha daktari akauliza kama pale mezani nilikuwa na mwenzangu. Nikasema nilikuwa naye. Akauliza yuko wapi. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mtoto mdogo vile.

Kuna jambo moja nimegombana naye. Alisema kile kicheko chetu cha mchana nacho kilikuwa cha gundi, kwamba hulevya. Nilirudi nyumbani nimenuna siku mbili. Kunichukulia miguu sawa, lakini na kicheko pia? Nikamwambia mjukuu anipeleke kukiona kiwanda. Sasa ni ghala la magodoro. Upande wetu hautumiki, vioo vyote vimevunjika, na upepo unaingia na kutoka utakavyo. Nilisimama pale nikashika ukuta, nikausikia wimbo wako. Basi nimeamua. Nusu ya kicheko nampa gundi, achukue. Nusu ni yetu, na hiyo hakuna daktari atakayenipokonya, kwa sababu ulipoiga mwendo wa Kengele tulikuwa tumeshatoka nje, kwenye hewa safi, na bado nilicheka mpaka nikakaa chini barabarani.

Binti yako anakuletea barua hii pamoja na furushi. Usilitupe kabla ya kulifungua. Ni viatu vya kamba, vinapanda juu ya kifundo ili visivuke. Nilikaa kwenye kigoda cha fundi mpaka akavimaliza, nikamsumbua hadi akanipa chai ninyamaze. Kipimo cha mguu wako ninacho kichwani, ni ule mguu wa mbao wa shemeji yako. Soli imeshonwa kwa uzi, haina hata tone la gundi. Mimi ninavyo kama hivyohivyo. Kamba najua huwezi kuzifunga, hata mimi siwezi. Kalamu hii imefungwa mkononi mwangu kwa kitambaa, ndiyo siri ya mwandiko. Mwache binti yako akufunge. Sisi tumewavisha watu viatu maisha yetu yote, wacha na sisi tuvishwe.

Harusi ni mwisho wa mwezi. Utakuja wiki moja kabla, tutakwenda kwa daktari pamoja, nimeshamwambia. Siku yenyewe tutakaa viti vya mbele, na ikibidi kuinuka tutainuka pamoja, mikono imeshikana kama zamani, taratibu, wifi atazame mpaka achoke. Yakitokea mayowe kwamba tumelewa, wewe utajibu. Mdomo huo haujafa ganzi.

Wasalimie wajukuu, na uwaambie kandambili za kubandikwa zimekwisha, watembee peku mpaka wanunuliwe mpya. Mjukuu wangu anakusalimu na anasema haolewi bila bibi yake mdogo. Paka hasalimu mtu.

Ni mimi dada yako wa meza moja,
Nyundo

Sasa usikae na barua mkononi. Binti yako alitoe hilo kopo nje leo, kabla hajala. Wewe inuka, shika ukuta, uende ukafungue dirisha.