Sauti ya Mama Imegoma Kufunguka

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana aibu inanimaliza. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, naishi na mama yangu, ambaye mwaka juzi alifanyiwa upasuaji wa koo akapoteza sauti, lakini kabla ya upasuaji aliyekuwa mume wangu alikaa naye wiki nzima akimrekodi, halafu akamtengenezea programu kwa mikono yake, mama akiandika kwenye kompyuta, kompyuta inasema kwa sauti yake mwenyewe, hata ile pumzi anayovuta kabla ya kunigombeza imo. Baadaye mimi na huyo bwana tuliachana kwa maneno makali, mengi yakiwa yangu. Sasa kompyuta ikawa kila siku inaomba isasishwe mfumo wake, ikanichosha, nikabonyeza kukubali, ikajizima, ikajiwasha, na kila kitu kinafunguka isipokuwa programu ya mama. Mama anadhani ameiharibu yeye, ameniandikia kwenye karatasi, "Nisamehe mwanangu, nimeharibu kazi ya mwenzio," nami nikanyamaza. Leo siku ya tisa, wageni wakija anajifanya amelala. Je, sauti yake imefutika?

Mshonaji

Mshonaji, pole sana. Sasa futa machozi unisikilize. Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa ofisini, anasema kusasisha mfumo kwa kawaida hakufuti rekodi, kwa hiyo zitafute na uzinakili kwenye flashi leo hii. Programu nyingi huvuka salama mfumo unapobadilika. Ila iliyotengenezwa nyumbani, kwa kuegemea vipande vya mfumo wa zamani, inaweza kukosa pa kushika vipande hivyo vikiondolewa. Hapo hujengwa upya juu ya mfumo mpya, kutokana na msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ya aliyeitunga. Na aliyeitunga unamjua.

Kubonyeza hakukuwa kosa. Kosa ni kumwacha mama yako aombe msamaha kwa jambo ulilolifanya wewe, na hilo sikufichi, limenikera. Kabla hujagusa cherehani, kaa karibu naye umwambie ukweli. Kisha mpigie mtalaka wako. Usifufue kesi ya ndoa, sema tu programu ya mama imegoma na unaomba aijenge upya. Akikataa, mwombe yale maandishi, fundi mwingine ataendelea nayo. Na siku nyingine kompyuta ikiomba kusasishwa, uliza kwanza.

Kabla ya kuchapa haya, mshonaji ametuandikia tena. Mama alipoambiwa alimfinya sikio kwa nguvu, halafu akamkumbatia, hakutaka kumwachia. Mtalaka alikuja Jumamosi na begi lake, akasalimia kwa kifupi, akainama juu ya kompyuta tangu asubuhi hadi saa saba mchana. Alipomaliza alimsogezea mama kiti. Mama akamtazama mtalaka usoni, kisha akaandika taratibu, kwa kidole kimoja, wao wawili wamesimama nyuma yake bila kuangaliana, na sauti ikatoka:

"Umekonda, mwanangu. Nani anakupikia?"