Kikombe cha Njano cha Skola

Devota, pokea simu! Haya, basi nakuandikia, maana nitapasuka.

Si nilikwambia namwonea huruma Erasmo kushinda na Skola nikiwa kazini? Leo kaenda Kipatimu kwa mama yake, nikaomba ruhusa, nikampeleka mtoto tukakague kile kituo cha kulelea watoto hapa Nangurukuru.

Nimekaza uso kama mkaguzi. Nauliza maji, nauliza choo. Kugeuka hivi, Skola kavua ndala, kaingia ndani, kachomoa kikombe chake kwenye ndoo. Cha njano! Kile ulichompa wewe, nimekitafuta wiki tatu!

Mwalimu akacheka: "Leo baba yake yuko wapi? Wewe ni shangazi?"

SHANGAZI, Devota! Mimi niliyemzaa!

Kumbe kila siku nikitoka tu, Erasmo anamwacha pale, yeye huyoo, stendi kucheza bao. Na mimi jumuiya nzima nimewatambia mume wangu analea!

Nikamwomba mwalimu anyamaze. Jioni Erasmo karudi, nikampokea na maji ya kuoga. Nikamwambia, "Baba Skola, vituo nimeviona, hakuna anayelea kama wewe. Kesho sendi kazini, nitakaa nikutazame unavyofanya."

Jasho lililomtoka, shoga yangu! Kajifungia chooni na simu.

Sasa hivi mwalimu kanirushia ujumbe aliotumiwa: "Samahani mwalimu, Skola huwa anakula nini saa nne? Na mnambembelezaje mpaka alale?"