Uzi kwenye Mguu wa Stovu

Mjukuu wangu Mutheu,

Huku Kibera hatujambo. Goti la mamako limepoa, anakusalimu. Nawe uandike barua ya kusomeka, mwandiko wako ni kama kuku amepita.

Unauliza kama ukate ule uzi mweusi unaofunga sindano kwenye mguu wa stovu yangu ya pampu, ndio ing'are kama zile kuukuu zingine unazokusanya huko. Ngoja kwanza.

Tulipokaa mtaa wa Lindi, hapa hapa Kibera, stovu hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza katika ploti yetu. Niliwaazima majirani wote, lakini sindano ya kuzibua tundu la moto niliichomeka kwenye kilemba changu. Ikiziba, lazima waniite. Nilipenda kuitwa.

Jumapili moja nikaenda kanisani na sindano kichwani. Jirani yangu Mama Wekesa akashikwa na uchungu, na stovu ikaziba kabla maji hayajapata moto. Niliporudi, mtoto ameshazaliwa, amefutwa kwa maji baridi, anatetemeka. Mkunga akakitazama kilemba changu.

"Mama, hiyo sindano inakushonea nini huko juu?"

Nikainamisha kichwa, nikaichomoa. Mama Wekesa akasema tu, "Zibua, dada, tupate chai."

Mtoto alipata joto kifuani mwa mamake. Mimi nikachomoa uzi kwenye kilemba, nikaifunga sindano pale mguuni, yeyote aifikie.

Ng'arisha shaba upendavyo, lakini uzi uuache. Na uwe unaiwasha, sikukupa pambo.

Ni mimi nyanyako, nangoja jibu.