Nafasi Iliyoachwa Kwenye Jiwe

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanangu, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimeshaisha. Kama bado, acha ubishi umpeleke kwa daktari, maana nakujua, utamkanda kifua wiki nzima kwanza. Mimi sijambo. Mgongo unauma, lakini huo ni mgongo wa kazi na nimeshauzoea.

Bado niko kwenye kibanda cha ishara, navuta vyuma vya kubadilisha njia za treni, kazi aliyoiacha kaka yangu alipokwenda vitani na shirika likaahidi kumtunzia mpaka arudi. Wale wazee wa karakana waliokuwa wakinicheka kwamba nitaingiza treni ya abiria kwenye ghala la makaa, siku hizi wamefyata mkia. Kwenye ubao wa zamu jina lake liliendelea kukaa juu, langu chini yake, na neno kaimu pembeni. Wageni walidhani Kaimu ndiye baba yangu.

Unakumbuka stesheni masta alipokuja kwako kukuomba ruhusa. Shirika lilikuwa linajenga ukuta wa kumbukumbu ya wafanyakazi wake waliofia vitani, na kwa wale ambao hawajulikani walipo, walitaka kwanza ndugu wakubali. Ukamjibu kwamba mtu akishaandikwa kwenye jiwe hana tena kazi ya kurudia, na ukamuuliza mumeo akitokea kesho watamwambia nini. Alirudi stesheni kanywea, akamwambia fundi aache nafasi tupu. Nami nilikuunga mkono. Nilisema jiwe lisubiri, tusimzike mtu aliye hai.

Ukuta umezinduliwa Jumamosi. Umejengwa kwenye ukumbi wa abiria, kati ya dirisha la tiketi na mlango wa kutokea kwenye reli. Majina yamepangwa kwa kazi: madereva juu, kisha watia makaa, mafundi, wachukuzi, na watu wa ishara karibu na sakafu, hata lazima uchuchumae ndipo uwasome. Nililalamika, nikaambiwa ndivyo madaraja yalivyo. Kumbe hata kufa kuna madaraja, wifi. Mkurugenzi alipoanza kuhutubia, treni ya mizigo ikaingia na honi yake, akabaki anafungua na kufumba mdomo, na abiria wenye haraka wakawa wanakanyaga maua ya watu. Mama mzazi wa yule dereva mnene aliligusa jina la mwanawe, akauliza mbona wamemwandika kwa herufi ndogo hivyo na yeye alikuwa mtu mkubwa. Hapo nikatoka nje nikalia.

Naona nazungukazunguka. Jina la mume wako lipo. Ile nafasi imejazwa, na aliyetoa ruhusa ni mimi. Nakuomba usiitupe barua, isome mpaka mwisho.

Yule mtia makaa aliyeondoka siku moja na kaka amerudi. Alikuwa mateka, wamemwachia majuzi, na mguu mmoja haukunjiki tena. Alipanda kibandani kwangu mchana, akakaa kwenye benchi, akaunyoosha ule mguu, nami nikajua kabla hajafungua kinywa. Walikuwa pamoja wakitengeneza reli iliyovunjwa waliposhambuliwa, na kaka akapigwa risasi ya tumbo. Hakufa peke yake, mwenzake alikuwa amempakata. Kaka aliuliza nani yuko kibandani siku hizi, akajijibu mwenyewe kwamba ni mimi, akacheka, akasema basi treni zote zitaishia shambani. Kisha akakutaja wewe. Aliyoyasema hapo sikutaka kuyasikia, nilimkatiza mgeni wangu, kwa sababu ni yako. Walimzika kando ya reli, wakamwekea kichwani kipande cha taruma, ule mti unaolaziwa reli.

Sasa hili ndilo linaloniumiza. Siku ile nilipokuja kwako ghafla nikasema nimepita tu kuwasalimu, sikuwa nimepita. Nilikuja kukwambia. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nikakukuta unapiga pasi mashati yake, ukanionyesha ulivyogeuza kola ili akirudi asionekane amechakaa, ukaniuliza kama huku kazini tumesikia lolote. Nikasema bado. Nikala chakula chako, nikacheka na watoto, nikapanda treni ya kurudi. Ukanisindikiza, ukanishukuru kwa kumshikia mumeo nafasi yake. Nisamehe. Nilikuwa nimeshamlilia kaka yangu peke yangu, nikakuacha wewe mkewe ukiendelea kumpigia pasi. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kwa stesheni masta nikamwambia amchonge, kwa sababu nilijua jiwe likishasema, mimi sitaweza tena kunyamaza.

Wamefuta neno kaimu ubaoni. Mmoja wa wale wazee alinipa mkono wa pongezi, na nusura nimzabe kofi. Kazi hii niliipenda, wifi, lakini niliipenda nikijua ina mwenyewe.

Nimeomba ruhusa, nakuja Ijumaa, na safari hii nitakaa. Watoto usiwaambie peke yako, tutawaambia pamoja. Msalimie sana mama yako, umwambie asikuache ulale peke yako siku hizi mbili tatu.

Huyo aliyekukabidhi barua hii mlangoni, mwenye fimbo, ndiye mtia makaa. Alikataa niitume kwa posta, na alisema hataingia mpaka umalize kusoma. Bado amesimama hapo nje. Mfungulie.

Ni mimi dada wa mumeo,
Wifi yako