Sharti la Nne

Jumanne, Julai 1993. Tuwan, Kitale. Mvua imeanza saa nane mchana na haina haraka ya kuacha. Wagonjwa leo ni saba tu. Siku ya kawaida ni kumi na wanne.

Kwa hivyo nimekaa kuandika upya karatasi ya mlangoni, ile ya masharti. Ya zamani imeliwa na unyevu.

Masharti ni yale yale. Moja, njoo asubuhi kabla ya kula, maji tu. Mbili, lete kadi ya hospitali na dawa zote unazomeza. Mimi natibu kwa majani, chakula na kukanda. Sisomi mawazo ya mtu. Hili hawalipendi. Wao humjaribu mganga: kadi wanaificha kwenye soksi, halafu wananitazama, wanangoja niutaje ugonjwa mwenyewe. Tatu, usiache dawa ya daktari mpaka daktari akwambie.

Nne, njoo na mtu wa nyumbani, anayekuona ukila na ukilala.

La nne ndilo ninalojivunia. Juzi mzee mmoja wa Webuye aliapa hagusi sukari. Mkewe alicheka mpaka akashika kiti. "Huyu? Kikombe kimoja vijiko vitano, na bado anauliza kama sukari imeisha."

Leo asubuhi alikuja mwalimu mmoja wa kike kutoka Kibomet, peke yake. Nikamwonyesha sharti. Akalisoma polepole, akauliza, "Na asiye na mtu, mama?"

Nikamwambia kila mtu ana mtu, aende arudi naye. Akashukuru, akaenda.

Sasa niseme ukweli, maana humu daftarini hakuna wa kunicheka.

Alhamisi iliyopita nilikwenda hospitali Bungoma. Hapa Kitale wagonjwa wangu wangeniona kwenye foleni. Kichwa kilikuwa kimenigonga wiki tatu. Muuguzi akapima presha mara mbili: mia na tisini kwa mia na kumi. Akauliza kama kuna dawa yoyote ninayokunywa. Nikasema hakuna. Na mimi nilikuwa nimekunywa majani yangu mwenyewe siku ishirini na moja, vikombe vitatu kwa siku. Sitini na vitatu. Niliogopa atacheka.

Miaka tisa nagombeza watu kwa kosa hilo hilo.

Kisha akauliza nimekuja na nani. Nikasema dada yangu yuko nje, ananunua ndizi. Basi nirudi naye Alhamisi hii, akasema, aelezwe namna ya kuniangalia nyumbani.

Nje hapakuwa na dada.

Dada yangu Nafula anaishi hapo hapo Bungoma, na hatujasemezana miaka minne, tangu mazishi ya mama. Siku ile ndugu zetu walinikalisha nyuma na wapishi, ati mganga asikae na wageni wa kanisa. Mimi niliyemkanda mama miguu miezi kumi na mmoja. Nafula aliona. Akanyamaza. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Lakini ni nani mwingine aliyebaki anayejua kwamba mimi nikiumwa husema sijambo?

Nimeongeza mstari chini ya sharti la nne: *Asiye na mtu aingie, tutaongea.* Kesho kabla ya kufungua nitapita Kibomet nimtafute yule mwalimu.

Keshokutwa ni Alhamisi. Majani yangu nimeyafunga kwenye gazeti, nikamwonyeshe muuguzi. Kutoka geti la hospitali mpaka geti la Nafula ni hatua mia mbili na kumi. Nilizihesabu Alhamisi iliyopita, nikalipita geti lake bila kubisha.