Waya za Rangi ya Majani

Mama Neema wangu,

Nakusalimia wewe na Neema, na mama mkwe aliyekaa hapo karibu akitaka usome kwa sauti. Mko wazima? Mnapata chakula? Risasi zimenyamaza huko mtaani ao bado? Simu yako naipiga kila siku, na kila siku haipatikani. Ujumbe wako wa mwisho, kabla mtandao wa Goma haujakatika, bado ninao: "Baba Neema, tukuje ao tubaki?" Nilikujibu ungoje kwanza. Sijui hata kama jibu hilo lilikufikia.

Mimi ni mzima, lakini nimechoka, mama. Patron, bosi wangu, alifunga duka akaenda zake, maana mizigo ya Kivu haifiki tena. Sasa kazi yangu iko humu chumbani, huku kusini, Kampemba. Naletewa kable za entaneti. Nazikata, naziambua ngozi, ndani mna nyuzi za rangi nne, kila rangi na pacha wake mweupeweupe. Nazipanga mstari, nazisukuma kwenye kichwa cha plastiki, nabana kwa koleo. Rangi moja ikikosea mahali, kable imekufa. Macho yananiwasha, vidole vimechubuka mpaka nikimega bugali na mboga ya sombe chumvi inaniuma.

Nilikuambia ungoje kwa sababu nilikuwa natazamia kazi kubwa ya nyumba moja ya wageni huko Karavia. Nilisema, nikiimaliza napanga vyumba viwili, ndipo nikuite kwa heshima.

Kazi ikaja, nyingi kuliko mikono yangu. Nikamwomba Mama Tshibola, mwenye nyumba hii ninayokaa, mjane wa watu wa Kasai, afunge upande mmoja wa kable, mimi upande wa pili. Nikamwelekeza kama tunavyosema kwetu: za machungwa mbele, za bulu katikati, za majani huku na huku ya bulu, zinazobaki mwisho. Tulikaa pamoja siku nzima, yeye akinisimulia ndoa yake. Kable zikapelekwa, zikarudishwa zote. Hakuna iliyofanya kazi.

Nikafungua moja. Huku na huku ya bulu alikuwa ameweka zile za rangi ya kahawa.

"Mama, nilisema za majani."

"Njo hizi za majani," akaniambia, wala hakukasirika. "Majani iko inje pale. Angaria."

Nikaangalia uani. Huku ni kiangazi, mvua ilishaondoka zamani, majani yote yamekauka, rangi ya udongo. Kumbe mimi nilikuwa nataja majani ya Goma. Nikacheka, halafu nikalia mbele yake kama mtoto.

"Unalilia kable?"

Nikamweleza habari zako: unauliza kama mkuje, mimi nakuambia ungoje mpaka nipate nyumba.

Akaichukua ile kable mkononi mwangu. "Muke yako anakuuliza njia, weye unamujibu nyumba."

Kazi amepewa mtu mwingine. Vyumba viwili havipo, mama. Kuna hiki kimoja, kitanda, maboksi, na kurenti ya umeme inayokatika inavyotaka. Naona haya kukuandikia hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa nakujibu: kujeni. Anayekuletea barua hii ni Baba Paluku, yule wa Butembo anayesafirisha vitenge. Anarudi kwa barabara, Rwanda, Tanzania, Zambia, mpaka Kasumbalesa, mlango wa kuingilia huku nilipo. Amekubali kuwachukua. Mama mkwe naye ana nafasi. Kitanda chenu, mimi nitalala chini.

Nisalimie kaka yako dereva, na shangazi muuza makala ya kupikia, na jirani yetu fundi cherehani kama bado yuko. Umbusu Neema.

Usiandike jibu. Baba Paluku nimemkataza kupokea karatasi yoyote kutoka kwako. Nimemwambia akuchukue wewe mwenyewe.

Mume wako anayekungoja,
Baba Neema